Kiashiria kinachojifunza kikianza kukosea: dalili, sababu na marekebisho

Matatizo yaliyo hapa chini yananirudia karibu kila Jumamosi hapa Lubumbashi. Wanaoniletea ni wanafunzi wa chuo, wabadilisha pesa wanaofuata dola kwenye simu, na vijana wa Kampemba na Katuba wanaoangalia bei ya shaba kwa sababu nyumba zao zinakula kwa shaba. Wote walianza na viashiria vya kawaida, yaani hesabu zinazosoma mwendo wa bei ili zitoe ishara ya kununua au kuuza: RSI ya mishumaa 14 (mshumaa ni alama ya bei ya kipindi kimoja kwenye chati, kama saa au siku), MACD ya 12, 26 na 9, bendi za Bollinger za 20 na 2. Baadaye wakataka namba hizo zijirekebishe zenyewe kwa msaada wa kujifunza kwa mashine. Wazo ni zuri, na ninalitetea. Ile 14 aliichagua Welles Wilder, aliyeitangaza RSI mwaka 1978, na soko la leo halina wajibu wa kuiheshimu.

Mtu akija na kazi iliyokwama, siulizi kwanza ametumia modeli ya aina gani, yaani programu ipi iliyojifunza kutoka kwenye bei za zamani. Namuuliza: saa ile ishara ilipotoka, modeli yako ilikuwa inajua nini? Swali hilo peke yake limetatua zaidi ya nusu ya kesi nilizoshika.

Tafuta dalili inayofanana na yako, ufuate vipimo kwa mpangilio wake, vyepesi kwanza. Wakati wote huo tumia akaunti ya majaribio. Kama roboti yako (programu inayonunua na kuuza yenyewe) tayari inacheza na pesa halisi, isimamishe sasa, kabla hujaendelea kusoma.

DALILI YA 1: Kwenye historia inapata faida, sokoni inapoteza

Hii ndiyo malalamiko namba moja. Mchoro wa faida kwenye miaka iliyopita unapanda kama ngazi, lakini ukiiwasha leo inaanguka ndani ya wiki mbili.

Sababu inayotokea zaidi: ishara inatumia mshumaa ambao ulikuwa haujafungwa. Programu inasoma bei ya kufunga ya saa 10:00 hadi 11:00, inatoa ishara, halafu inajihesabia kuwa ilinunua saa 10:00. Hakuna binadamu aliyeweza kununua hivyo. Kipimo chake ni cha dakika moja: sogeza ishara zote mbele kwa mshumaa mmoja, ununue kwa bei ya kufungua ya mshumaa unaofuata, urudie jaribio. Faida ikiyeyuka, umepata ugonjwa. Nimeona ngazi nzuri kabisa ikigeuka mteremko kwa kusogeza safu moja tu ya jedwali.

Sababu ya pili: kiashiria kinajichora upya. Viashiria vingi vinavyojirekebisha vinalainisha bei kwa kutazama pande zote mbili, nyuma na mbele. Mshumaa mpya ukiingia, namba za jana zinabadilika kimyakimya, na mishale ya kununua inajipanga vizuri kwenye mabonde yote ya chati. Kipimo: kata data yako tarehe fulani, hesabu kiashiria, andika namba zake 10 za mwisho. Ongeza mishumaa 50, hesabu tena, kisha linganisha namba za siku zilezile 10. Lazima ziwe zilezile, hata tarakimu ya mwisho. Zikitofautiana, tupa kiashiria hicho. Hakirekebishiki kwa kuongeza data.

Sababu ya tatu imejificha zaidi, na hata wanaojua kuandika programu inawanasa. Kabla ya kuifundisha modeli, watu wanasawazisha data: wanatoa wastani, wanagawanya kwa mkengeuko (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika). Kama wastani huo umehesabiwa juu ya miaka yote kwa pamoja, basi modeli ya mwaka 2021 tayari imenong'onezwa kwamba bei itapanda hadi wapi mwaka 2024. Marekebisho: hesabu wastani na mkengeuko kwa data ya nyuma tu, na ufanye hivyo upya katika kila hatua ya jaribio.

Sababu ya nne: majibu yanayopishana. Ukiifundisha modeli kutabiri bei ya siku 5 zijazo, jibu la mfano wa mwisho wa mafunzo linaingia ndani ya siku za kwanza za mtihani. Acha pengo la angalau siku 5 kati ya mafunzo na mtihani. Wala usichanganye safu za jedwali ovyo kama anavyofanya mtu anayefundisha mashine kutambua picha za paka. Bei zina mpangilio wa wakati. Fundisha kwa miaka miwili, pima kwa miezi mitatu inayofuata, sogea mbele miezi mitatu, rudia.

Sababu ya tano: umejaribu mara nyingi mno. Ukipima mipangilio 200 juu ya bei zisizo na maana yoyote, kwa kizingiti cha 5%, yaani kukubali kudanganywa na bahati mara 5 kwa 100, utapata karibu 10 inayoonekana mizuri kwa bahati tupu. Kijana akiniambia amepata mpangilio wa ajabu, namwomba anihesabie aliyoitupa. Tenga kipande cha mwisho cha data, kifungie, ukifungue mara moja tu, mwishoni kabisa. Ukikifungua mara ya pili kimeshakuwa data ya mafunzo, utake usitake.

Kama umepita vipimo vyote vitano na bado huamini, fanya hiki kimoja zaidi: chukua mabadiliko ya bei ya kila siku, yachanganye kama karata, ujenge chati ya uongo, uiendeshe modeli juu yake. Kwenye bei za namna hiyo hakuna cha kujifunza, isipokuwa mwelekeo wa jumla unaobaki palepale. Rudia mara kadhaa kwa chati tofauti. Ikiendelea kumshinda kila mara mtu anayenunua na kukaa tu, kuna tobo ambalo hujaliona, na hupaswi kwenda mbele hata hatua moja hadi ulipate.

DALILI YA 2: Inapatia mara nyingi kuliko inavyokosea, lakini akaunti inashuka

Kwanza angalia gharama. Chukua modeli inayopatia mara 55 kwa 100, ikipata pointi 10 kila inapopatia na kupoteza pointi 11 kila inapokosea. Ni 550 kutoa 495, faida pointi 55. Sasa broka (dalali wa soko) anachukua spredi, yaani tofauti kati ya bei ya kununua na ya kuuza, ya pointi 1 kwa kila biashara: pointi 100 zimekwenda, umebaki na hasara ya 45. Modeli haijakosea chochote. Ulisahau tu mlango wa kuingilia una ushuru, na mtu aliyewahi kupitisha mzigo mpakani Kasumbalesa hapaswi kufundishwa somo hilo na roboti.

Kama hukusahau spredi, angalia ulitumia spredi ipi. Ile iliyotangazwa ni ya saa soko limetulia. Usiku, au wakati wa habari kubwa za Marekani, inapanuka. Rekodi spredi halisi kwa wiki moja, kila saa, uweke namba hizo kwenye jaribio. Kisha hesabu kuteleza kwa bei, yaani tofauti kati ya bei uliyoomba na uliyopewa, pamoja na riba ya kulala na nafasi wazi (biashara ambayo hujaifunga) usiku.

Baada ya hapo ndipo uangalie ukubwa wa hasara. Asilimia ya kupatia haisemi kitu bila kujua kila kosa linagharimu kiasi gani. Ifundishe modeli kwa faida baada ya gharama, usiifundishe kwa "juu au chini" peke yake. Mara nyingi itajifunza kukaa kimya zaidi, na ukimya huo una thamani.

DALILI YA 3: Kiashiria kinageuka kila mshumaa

Leo nunua, baada ya saa moja uza, baada ya saa moja nunua. Hapa kujirekebisha kumezidi.

Sababu ya kawaida ni kumbukumbu fupi. Modeli inayojifunza papo kwa papo huwa na kigezo cha kusahau, namba iliyo chini ya 1 inayoamua bei za zamani zinapoteza nguvu kwa kasi gani. Kikiwa 0.99, modeli inakumbuka takriban mishumaa 100; kikiwa 0.9, takriban 10, kikiwa 0.995, takriban 200. Kwenye chati ya siku, mishumaa 100 ni karibu miezi mitano ya biashara. Lakini soko la sarafu lina takriban saa 120 kwa wiki, kwa hiyo 0.99 ileile kwenye chati ya saa inakumbuka chini ya wiki moja. Watu wanahamisha namba kutoka chati moja kwenda nyingine bila kufikiri, halafu wanashangaa. Hesabu kumbukumbu kwa siku kabla hujaiweka.

Dawa yangu ya kwanza ni kurudi kwa kitu rahisi zaidi ili upate kipimo cha kulinganishia. Kuna wastani unaojirekebisha wa Perry Kaufman ambao hauhitaji mashine kujifunza chochote. Unapima ufanisi wa mwendo: umbali ulioenda moja kwa moja, ugawanye kwa jumla ya hatua ulizopiga. Tuseme shaba imetoka dola 9,500 hadi 9,600 kwa tani ndani ya siku 10, lakini ukijumlisha kupanda na kushuka kwa kila siku unapata dola 400. Ufanisi ni 100 kwa 400, yaani 0.25. Kwa mipaka ya kawaida ya 2 na 30 (siku za mwendo mwepesi zaidi na mzito zaidi), wastani huo unatembea kama wastani wa kielelezo (unaozipa bei za karibuni uzito zaidi) wa siku 42 hivi, mzito na usiotishika. Bei ikienda mstari mnyoofu, ufanisi 1, unakuwa mwepesi kama wa siku 3 na nusu. Bei ikizungukazunguka bila kwenda popote, unakaribia kusimama.

Napenda kuwafundisha wadogo zangu kiashiria hiki kabla ya mtandao wowote wa neva (modeli tata ya kujifunza), kwa sababu unaweza kukihesabu kwa kalamu, na ukikihesabu kwa kalamu unaelewa kujirekebisha ni nini hasa: ni kuamua lini usikilize bei na lini uipuuze. Modeli yako ikishindwa kukipita baada ya gharama, tumia hiki na ushukuru.

Sababu isiyotokea sana ni kasi ya kujifunza (kiasi modeli inachojibadilisha kwa kila kosa) iliyo kubwa mno. Ipunguze mara kumi, uone kama kuyumba kunatulia. Na ya mwisho: hujaweka eneo la kati. Toa ruhusa ya kununua pale tu modeli inapovuka kizingiti, na ruhusa ya kutoka kwenye kizingiti kingine cha chini zaidi, ili isigeuke kwa kila upepo.

DALILI YA 4: Ilifanya kazi miezi mingi, halafu ikavunjika ghafla

Angalia kwanza data yenyewe. Broka amebadilisha saa za seva? Jina la bidhaa limebadilika? Mkataba wa shaba wa mwezi huu umekwisha na programu imeunganisha mwezi unaofuata, ikaacha ngazi kwenye bei? Fungua chati kwa macho uangalie siku ile ilipovunjika.

Data ikiwa nzima, basi soko limebadilika chini ya miguu yako. Tarehe 15 Januari 2015 Benki Kuu ya Uswisi iliondoa kima cha faranga 1.20 kwa yuro kilichodumu tangu Septemba 2011; modeli yoyote iliyofunzwa kwa miaka hiyo ilikuwa imejifunza sakafu ambayo siku hiyo haikuwepo tena. Mwisho wa Julai 2025 Marekani ilitangaza kwamba ushuru wake mpya hautagusa shaba iliyosafishwa, na bei ya shaba New York ikaanguka kwa zaidi ya 20% ndani ya siku moja, wakati ile ya London haikuanguka hivyo. Nasi tuna mfano wetu wa nyumbani: tarehe 22 Februari 2025 serikali ya Kongo ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi. Uamuzi ule tuliusikia redioni. Hakuna wastani wa siku 20 ambao ungeweza kuusikia.

Hapo ndipo watu wanapoelewa vibaya neno kujirekebisha. Modeli inayojifunza inazoea hali mpya baada ya kuumia, na muda wa kuzoea unalingana na kumbukumbu yake. Kumbukumbu ya siku 100 itachukua wiki nyingi. Kwa hiyo weka mlinzi nje ya modeli: pima makosa yake ya mishumaa 50 ya mwisho, linganisha na makosa ya kawaida ya mwaka uliopita, na yakizidi mara mbili, roboti inyamaze hadi mtu aangalie. Kazi ya mlinzi huyo ni kufunga mlango, wala hatabiri chochote.

Kuna pia data ambayo haipaswi kufundishia. Tarehe 8 Machi 2022 nikeli kwenye soko la metali la London ilipita dola 100,000 kwa tani kabla biashara haijasimamishwa, na miamala ya siku hiyo ikafutwa. Historia ya bei yako ikibeba mshumaa ule kama wa kawaida, modeli itajifunza kutoka kwenye biashara ambazo kisheria hazikutokea.

DALILI YA 5: Namba zako hazilingani na za mwenzako

Watu wawili, RSI ileile ya 14, majibu tofauti. Hapa Lubumbashi sababu ya kwanza ni saa. Siku ya soko la sarafu inafungwa saa 17:00 ya New York. Kwetu hiyo ni 23:00 wakati wa kiangazi cha Marekani na 00:00 wakati wa baridi yao, kwa sababu wao wanasogeza saa na sisi hatusogezi. Mwenzako wa Kinshasa yuko saa moja nyuma yako. Seva inayokata siku kwa saa ya Greenwich itakupa kamshumaa ka Jumapili ka saa mbili au tatu, na wiki yako itakuwa na mishumaa sita badala ya mitano. RSI ya 14 kwa wiki za namna hiyo ni kitu kingine kabisa. Hifadhi kila kitu kwa saa ya Greenwich, kisha ukate siku wewe mwenyewe kwa saa ya New York.

Sababu ya pili ni kwamba RSI ya Wilder inalainishwa, kwa hiyo inahitaji historia ndefu ili itulie. Aliyepakua mishumaa 30 na aliyepakua 500 hawatapata jibu moja. Pakua angalau 200 kabla ya ule unaoutumia.

DALILI YA 6: Baada ya umeme kurudi, modeli inafanya vitu vya ajabu

Delestaje, yaani mgao wa umeme, inakata, mashine inazimika, baada ya saa nne inawaka. Au umeme upo lakini mega za intaneti zimeisha. Mara nyingi programu imeunganisha mshumaa wa mwisho wa asubuhi na wa kwanza wa jioni kana kwamba vinafuatana, na pengo hilo modeli inaliona kama mruko mkubwa wa bei. Mara nyingine uzito wote wa modeli (namba ilizojifunza) ulikuwa kwenye kumbukumbu ya muda na umepotea, kwa hiyo inaanza utotoni.

Kipimo: pitia safu ya saa, tafuta mahali tofauti inapozidi saa moja. Marekebisho: kila mshumaa unapofungwa, andika uzito wa modeli na saa yake kwenye faili. Mashine ikiwaka, ipakue kwanza mishumaa iliyokosekana, iipitishe kwa mpangilio bila kutuma amri yoyote, ndipo irudi kazini. Amri ya kukata hasara (inayofunga biashara bei ikifika kiwango ulichoweka) ikae kwa broka, kamwe isikae kwenye kompyuta yako. Ukitaka kufunga betri na inveta nyumbani ili mashine isizimike, mwite fundi umeme. Waya wa betri kubwa umeshachoma nyumba za watu.

DALILI YA 7: Inasema "nunua" siku zote

Bei ilipanda katika sehemu kubwa ya data ya mafunzo, na modeli imegundua kwamba kusema "nunua" daima kunaipa alama nzuri. Ipime dhidi ya mtu anayenunua na kukaa tu. Kisha uifundishe kwa mabadiliko ya bei badala ya bei zenyewe, na uhakikishe mifano ya kupanda na kushuka haijatofautiana sana kwa idadi.

PALE UNAPOPASWA KUSIMAMA

Mwaka 2018 msimamizi wa masoko ya Ulaya alieleza kwamba kati ya 74% na 89% ya akaunti za watu wa kawaida zinazocheza mikataba ya tofauti ya bei (CFD, yaani kubashiri bei bila kumiliki bidhaa) hupoteza pesa. Weka namba hiyo karibu na skrini.

Simama, usitafute tena kosa kwenye modeli, kama pesa iliyomo ni ya mkopo, ya ada ya mtoto au ya likelemba (mchango wa mzunguko). Simama pia kama umeanza kuongeza ukubwa wa loti (kiasi unachonunua kwa mara moja) baada ya kila hasara ili urudishe ya jana. Hilo halitatuliwi kwa kubadilisha kigezo. Zungumza na mtu wa nyumbani, yaya (kaka au dada mkubwa) au mama, kabla hujafungua chati tena.

Kama jirani au mtu wa kanisani anataka kukupa pesa umchezeshee, nenda kwa wakili kabla hujapokea hata dola 50. Kushika pesa za watu ni jambo la sheria, na modeli nzuri haikulindi mbele ya jaji.

Ufunguo wa programu unaounganisha roboti na akaunti usiwe na ruhusa ya kutoa pesa. Kama ulishampa mtu ufunguo wenye ruhusa hiyo, ufute leo.

Na kuna tatizo moja ambalo vijana huniletea wakidhani ni la kiufundi: akaunti inaonyesha faida, lakini kila wakiomba kutoa pesa wanaambiwa walipe kwanza "kodi" au "ada ya kufungua". Wanataka niangalie kama programu ina hitilafu. Haina. Usitume chochote tena, hifadhi ujumbe wote na risiti za simu, uende kwa polisi na wakili siku hiyohiyo.